Kichwa kipi cha treni kwa kona kali? Ulinganisho wa modeli za OO kwa wenye meza ndogo

Plaiwudi huuzwa kwa ubao wa futi 8 kwa 4, uwe Dar es Salaam, Nairobi au Birmingham. Kwa anayejenga reli ya modeli, upande unaoamua mambo ni ule wa futi 4, yaani milimita 1,220. Ukiupunguza ubao uingie chumbani ukabaki na upana wa futi 3, una milimita 915 tu, na treni lazima igeuke ndani ya hizo. Hapo ndipo uchaguzi wa kichwa cha treni unapokuwa mgumu, kwa sababu vingi vinavyovutia kwenye kabati la duka vitaacha njia kwenye kona ya kwanza ya meza kama hiyo.

Ninavyolinganisha hapa ni vichwa vya skeli ya OO, ile ya Kiingereza ya 1:76 inayotembea kwenye reli ya upana wa milimita 16.5. Ndiyo ninayoifahamu vizuri. Mwenye HO ya 1:87 anaweza kutumia hesabu zilezile bila wasiwasi, maana upana wa reli ni huohuo. Abadilishe tu vipimo vya kichwa anachokitaka.

Kona tunazozungumzia

Hornby na Peco, watengenezaji wa reli za modeli, huzitaja kona zao kwa nusukipenyo, kuanzia kitovu cha duara hadi katikati ya reli. R1 ni milimita 371, R2 ni 438, R3 ni 505 na R4 ni 572. Ukihesabu na mataruma, duara la R1 linataka meza ya upana wa milimita 780 hivi. R2 inataka karibu 910. Kwa hiyo kwenye ubao wa futi 3, R2 inaingia kwa kubanwa kabisa, mataruma yakigusa mwisho wa meza pande zote mbili, na kichwa kikipinduka kitaishia sakafuni. Sishauri. Ubao wa futi 3 ni wa R1; anayetaka R2 kwa amani atafute angalau sentimita 100, na kwenye futi 4 kamili hata R3 inapita vizuri.

Kabla ya kumlaumu mtengenezaji yeyote, tazama jinsi kona hizi zilivyo kali ukilinganisha na reli ya kweli. Kichwa cha mvuke cha Uingereza kinachoitwa 9F, chenye magurudumu kumi ya kusukuma, kiliundwa kiweze kupita kona ya futi 400, ambayo ni kama mita 122. Ukiigawa kwa 76 unapata mita 1.6. Hiyo ndiyo nusukipenyo ambayo modeli ya 9F ingeipata kama tungefuata ukweli, nasi tunaitaka ipite kwenye milimita 438! Kila modeli inayozunguka R2 imefanyiwa ujanja fulani chini yake. Tofauti iko katika kiasi cha ujanja huo na mahali ulipofichwa.

Urefu wa kichwa si tatizo la kwanza

Wengi hupima kichwa kwa macho: kifupi kitapita, kirefu hakitapita. Jambo la kwanza la kupima ni umbali kati ya gurudumu la mbele kabisa na la nyuma kabisa katika kundi la magurudumu yaliyofungwa kwenye fremu moja isiyopinda. Kundi hilo likiwa na ekseli mbili, hukaa kwenye kona bila shida kubwa. Likiwa na tatu au zaidi, ekseli za katikati zinalazimika kusogea pembeni ili zifuate mkunjo wa reli. Zisipokuwa na nafasi ya kucheza, ukingo wa gurudumu (ule mdomo wa ndani unaoishika reli) unapanda juu ya chuma na kichwa kinaacha njia.

Nafasi hiyo inayohitajika, ambayo nitaiita mchezo, inahesabika. Chukua umbali huo kwa milimita, uzidishe kwa wenyewe, kisha gawanya kwa mara nane ya nusukipenyo. Nimefanya hivyo kwa vichwa saba maarufu vya Uingereza, nikitumia vipimo vya vile halisi vilivyopunguzwa hadi 1:76. Namba kama 4-6-2 huhesabu magurudumu ya mbele, ya kusukuma na ya nyuma; bogi ni kigari cha magurudumu kinachozunguka chini ya kichwa:

| Kichwa | Magurudumu | Umbali usiopinda (mm) | Mchezo kwa R1 (mm) | Mchezo kwa R2 (mm) |
|---|---|---|---|---|
| Class 20, dizeli | bogi mbili za ekseli 2 | 34 | hauhitajiki | hauhitajiki |
| Austerity, mvuke | 0-6-0 | 44 | 0.65 | 0.55 |
| Class 08, dizeli | 0-6-0 | 46 | 0.7 | 0.6 |
| Class 37, dizeli | bogi mbili za ekseli 3 | 54 | 1.0 | 0.8 |
| A4, mvuke | 4-6-2 | 58 | 1.1 | 1.0 |
| GWR 5700, mvuke | 0-6-0 | 62 | 1.3 | 1.1 |
| 9F, mvuke | 2-10-0 | 87 | 2.5 | 2.2 |

Angalia mstari wa A4 na ule wa 5700. A4 ndiyo familia ya Mallard, kichwa kilichofikia maili 126 kwa saa mwaka 1938. Modeli yake pamoja na behewa la makaa ina urefu wa milimita 284 hivi. 5700 ni kile kijichwa cha kusukuma mabehewa yadini cha reli ya Great Western, kisicho hata na behewa la makaa. Lakini magurudumu ya kusukuma ya 5700 yametandazwa kwa umbali mrefu kuliko ya A4. Anayenunua 5700 kwa ajili ya R1 kwa sababu tu ni kidogo amepima kitu kisichohusika. Austerity, ambayo kwa macho ni ya ukubwa unaokaribiana nayo, inahitaji nusu tu ya mchezo huo.

Austerity, 08 na 5700

Kwa mvuke kwenye kona kali, Austerity ni chaguo langu bila kusita. Vile halisi vilijengwa wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa kazi za bandarini, migodini na kwenye kambi za jeshi, mahali palipojaa reli zilizopindapinda na kutengenezwa kwa haraka, na ndiyo maana magurudumu yake yamekaa karibu karibu. Mchezo wa nusu milimita na ushee hupatikana karibu bila mtengenezaji kufanya lolote la ziada, kwa kuwa magurudumu na reli tayari vinaachiana nafasi kidogo.

Class 08 iko palepale kwa hesabu, na ni nzito kidogo, jambo linalosaidia kuvuta. Kati ya hizo mbili, acha mapenzi yako ya mvuke au dizeli yaamue. 5700 ni nzuri mno, lakini iweke kwenye orodha ya wenye R2.

Vile vya magurudumu manne

Hornby wana vijichwa vya 0-4-0, kama Peckett W4 na kile kidogo cha Caledonian kinachojulikana kama Smokey Joe. Ekseli mbili tu, fupi, hazina gurudumu la katikati la kugombana na reli. Kwa kona, hakuna kinachovishinda.

Udhaifu wao uko kwenye pointi, yaani pale reli moja inapogawanyika kuwa mbili. Kichwa cha modeli hupokea umeme kupitia magurudumu, na pointi nyingi za bei nafuu zina kipande cha plastiki katikati, pale reli mbili zinapokatana, ambacho hakipitishi umeme. Kichwa cha magurudumu manne kikipita hapo polepole, magurudumu mawili ya upande mmoja yanaweza kukosa umeme kwa wakati mmoja, na kichwa kinasimama. Unakisukuma kwa kidole, kinaondoka, kinasimama tena kwenye pointi inayofuata. Kwa mtoto anayependa mwendo wa kasi hilo halionekani. Kwa anayetaka kupanga mabehewa taratibu kama inavyofanyika yadini ni kero ya kila siku. Ukichagua 0-4-0, nunua pointi ambazo sehemu hiyo ya kati ni ya chuma na inaweza kuunganishwa na umeme, kama Unifrog za Peco, au weka kapasita (kifaa kinachotunza umeme kidogo) ndani ya kichwa kama kina nafasi na unatumia mfumo wa kidijitali. Gharama hiyo iongeze kwenye bei ya kichwa tangu mwanzo.

Class 20 dhidi ya Class 37

Hapa ndipo ningekaa muda mrefu zaidi kama ningekuwa nanunua leo. Dizeli zote mbili ni za English Electric, zinafanana sura kiasi, na zote zimebebwa na bogi mbili, yaani vigari vya magurudumu vinavyozunguka chini ya kichwa kila kimoja kwa upande wake. Bogi ndiyo suluhisho halisi la kona: fremu ndefu inagawanywa kuwa vipande viwili vifupi.

Class 20 ina ekseli mbili kwa kila bogi, milimita 34 tu kati yake. Haina ekseli ya katikati, hivyo hakuna mchezo wa kutafuta. Tena modeli za kisasa huchukua umeme kwenye magurudumu yote manane, yaliyotawanyika kwa urefu wa kutosha kuvuka kile kipande cha plastiki cha pointi bila kusita. Ile shida ya 0-4-0 haipo, na ile ya 9F haipo. Urefu wake wote ni milimita 187. Ncha zake hutokeza nje ya kona ya R1 kwa milimita 8 au 9, kiasi ambacho jicho linakivumilia.

Class 37 ina milimita 246, na bogi zake ni za ekseli tatu. Mchezo wa milimita 1 kwa R1 unawezekana, na watengenezaji huupata kwa kulegeza ekseli ya katikati ya kila bogi. Kinachoiangusha kwenye R1 ni kile kinachotokeza nje. Kwa hesabu yangu ncha zake zinatoka karibu milimita 13. Ndoano ya kuunganishia behewa inatoka nazo, behewa fupi linalofuata linavutwa pembeni, na mwisho ni behewa ndilo linaloacha njia huku wewe ukikikagua kichwa kisicho na kosa. Ipe R3 na Class 37 inatembea kwa heshima yake yote.

Jambo moja usilipuuze: kasha. Bachmann, ambao wameuza sana modeli za hivi vyote viwili, huandika milimita 438 kama kona ndogo kabisa kwa modeli zao nyingi za OO, hata ambazo kwa hesabu ya magurudumu zingepita 371. Hawajakosea. Chini ya kichwa kuna ngazi, mabomba na vipande vya breki vinavyoweza kugusana na bogi inapogeuka sana. Kasha likisema 438 nawe una 371, muombe muuzaji akijaribu mbele yako, au ukubali kuviacha bila kuvifunga vile vipande vidogo vya urembo vinavyokuja kwenye kimfuko.

A4 na 9F kwa wasiotaka kuambiwa hapana

Kuna mtu ambaye bila treni ya abiria ya kasi hana sababu ya kujenga reli, na simlaumu. A4 inapita R2. Magurudumu ya kusukuma si kikwazo, kama jedwali linavyoonyesha. Kazi iko kwenye bogi ya mbele, inayohitaji kuzunguka bila kugonga silinda, na kwenye ekseli ya nyuma iliyo chini ya chumba cha dereva. Modeli kadhaa za Hornby za mpango wa 4-6-2 zina magurudumu ya nyuma yasiyo na ukingo, yaliyofungwa yasipinde, ili yateleze juu ya reli kwenye kona. Ukiangalia kwa karibu utayaona yanaelea nje ya chuma. Mwenye kona pana anaweza kufunga yale yenye ukingo, ambayo huja pamoja na modeli nyingi za namna hiyo.

9F nayo ina bahati: hata ile halisi haina ukingo kwenye magurudumu ya katikati, kwa sababu wahandisi wa British Railways walikumbana na tatizo hilihili. Zilijengwa 251 kati ya 1954 na 1960 na zote zilikuwa hivyo. Modeli inapofuta ukingo wa kati haidanganyi. Zinabaki ekseli ya pili na ya nne, ambazo kwa hesabu yangu bado zinataka milimita 1.6 za mchezo kwenye R2. Inafanyika. Ila kichwa chenye ekseli zilizolegea kiasi hicho huhitaji reli iliyolazwa kwa usafi kabisa, viungo vyote vikiwa sawasawa, na kwa anayejenga mara ya kwanza mimi ningeweka A4 mbele yake.

Pointi zinaweza kukuharibia hesabu

Unaweza kuwa na duara la R3, ukanunua kichwa kinachotaka 505, kisha kikakwama. Sababu ni kwamba pointi za kawaida za Hornby, na za Setrack za Peco, zina mkunjo wa milimita 438. Kona kali kuliko zote mezani ndiyo sheria ya meza nzima. Peco wana mfululizo mwingine, Streamline, ambao pointi ndogo ni milimita 610, ya kati 914 na kubwa 1,524. Zinakula nafasi. Lakini kwa mwenye vichwa virefu, fedha ya pointi mbili za kati ina faida kuliko kupanua duara.

Vivyo hivyo, epuka kona ya kulia inayofuatwa papo hapo na ya kushoto. Weka kipande kilichonyooka katikati yake, angalau urefu wa behewa lako refu kuliko yote.

Kuhusu reli mbili sambamba: nafasi kati ya R1 na R2 ni milimita 67. Behewa refu la abiria la Uingereza liitwalo Mk3, lenye milimita 300, likiwa kwenye R1 hutokeza ncha nje huku lenzake kwenye R2 likiingiza tumbo ndani. Nikijumlisha na upana wa mabehewa yenyewe, kunabaki milimita 3 hivi kati yao. Yanapishana, ila usitegemee hivyo kama kuna reli iliyosogea kidogo.

Vichwa vilivyozaliwa kwa kona

Badala ya kukilazimisha kichwa cha njia kuu kugeuka kwenye meza, unaweza kuchagua kile ambacho hata katika uhai wake kiliundwa kwa milima. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanacho mfano mkubwa nyumbani. Class 59 ya East African Railways, vichwa 34 vya mvuke vya aina iitwayo Garratt vilivyojengwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, vilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 250 kwenye reli ya mita moja tu. Boila imening'inizwa kwenye fremu ya kati, na kila upande kuna injini yake kamili inayozunguka peke yake kama bogi. Kwa njia hiyo kichwa cha zaidi ya mita 31 kiliweza kupinda pamoja na njia ya kutoka Mombasa kupanda bara. Nambari 5918, Mount Gelai, iko katika Makumbusho ya Reli Nairobi; ukifika, simama ubavuni uangalie mahali boila inapokutana na tangi la maji la mbele, utaelewa mambo yote ninayoyaeleza hapa.

Kwa modeli, Garratt ya 59 katika OO ingekuwa na zaidi ya sentimita 40, na reli yake ya mita moja haiendani na milimita 16.5, hivyo ni kazi ya wajenzi mahiri wa kutengeneza kwa mkono. Heljan wa Denmark waliwahi kutoa Garratt ya LMS, kampuni ya reli ya zamani ya Uingereza, kwa OO. Inapinda vizuri kwa sababu ileile. Ila boila huingia sana ndani ya kona, kwa hiyo usipande mti wala kuweka nguzo karibu na upande huo.

Njia ninayoipenda zaidi kwa chumba kidogo ni OO9: watu na nyumba za 1:76, lakini reli ya milimita 9, kuiga njia nyembamba. Bachmann wana Double Fairlie ya reli ya Ffestiniog huko Wales, kichwa chenye boila mbili na bogi mbili za kusukuma, wazo ambalo Robert Fairlie alilipatia hataza mwaka 1864. Kona ya milimita 228 inatosha kwa vichwa vingi vya aina hii, na havionekani kama vimebanwa, kwa kuwa ndivyo vilivyoishi.

Anayetaka treni ndefu za njia kuu kwenye ubao wa futi 3 aende skeli ya N, iliyo ndogo kuliko OO. R1 ya Peco ya N, milimita 228, kwa uwiano ni sawa na R2 ya OO, na inachukua nusu ya upana. Wajapani wamekwenda mbali zaidi: Tomix wana kona za milimita 103 na 140, na Kato wana ya 117, ila hizo ni za tramu na vijichwa vifupi sana.

Ukifika kununua

Kwa R1, chukua Class 08 au Austerity, au 0-4-0 ukiwa tayari kugharamia pointi. Class 20 ndiyo bora kuliko zote kama utaijaribu kwanza. R2 inafungua mlango kwa 5700 na A4. Class 37 na 9F zisubiri R3, hata kama kasha linakuruhusu.

Kwa kichwa kilichotumika, kipindue na usukume kila ekseli ya katikati kwa kidole, kulia na kushoto. Kwa chenye ekseli tatu lazima uhisi inasogea; ikiwa imekaza, huenda kuna mafuta yaliyoganda au mtu aliyeifungua akairudisha vibaya. Kisha kiendeshe kinyumenyume, polepole, kikisukuma mabehewa mawili marefu kupita kwenye pointi iliyo kwenye kona, maana kusukuma hufichua makosa ambayo kuvuta huyaficha. Kikiacha njia mahali palepale kila mara, chunguza kiungo cha reli cha hapo kabla hujakirudisha kichwa dukani.